Tulete Joto Nyumbani, Tusilete Kifo

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret

Tunajua wengine wenu mmekanyaga matope tangu alfajiri, na ng'ombe mmewakamua haraka haraka ili muwahi. Kwa hivyo hatutazunguka sana. Leo tunataka tuzungumze juu ya nyumba zetu wakati wa baridi: namna ya kuzitia joto, na namna ya kuzifanya mahali ambapo mtu anatamani kurudi jioni.

Wengine watasema, "Hilo nalo ni jambo la semina? Nani hajui kuwasha moto?" Ni kweli, kila mtu anajua kuwasha moto. Lakini karibu kila mwaka, baridi inapozidi, tunasikia kwenye redio habari za watu hapa Kenya waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Asubuhi majirani wanagonga, hawajibiwi, wanavunja mlango, wanawakuta wamekufa. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasikia baridi tu, kama sisi. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lizungumzwe hapa mbele ya wote.

BARIDI YETU INATOKA WAPI

Eldoret iko karibu sana na mstari wa ikweta, na wageni wanaotoka mbali hufikiri watakuta joto la kutoa jasho. Lakini sisi tuko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi na haishiki joto. Jua likizama, joto nalo linaondoka. Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, lakini baridi haijasoma hati hiyo. Inaingia kwa wa mjini na kwa wa kijijini vile vile.

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ambapo majani ya miti hupukutika, kuanzia Septemba hadi Novemba, na wakati huo hutayarisha nyumba kwa baridi inayokuja. Sisi hatuna majira hayo, lakini tunayo miezi yetu: Juni, Julai na Agosti. Mvua inanyesha alasiri, mara nyingine mvua ya mawe, mawingu hayaondoki, na usiku kipimo cha joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mahindi bado yako shambani, mpaka Oktoba au Novemba ndipo yavunwe. Ghala limebaki na kidogo. Pesa zimeishia kwenye mbolea na palizi. Halafu mwezi wa Agosti watoto wanafunga shule, wote wako nyumbani.

Sasa yawekeni hayo pamoja: baridi, matope, chakula cha kupima na nyumba iliyojaa watu. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mama amechoka na kuni mbichi, watoto wanakohoa, na baba anaona heri akae kilabuni, kwa sababu huko angalau watu wanacheka. Hatusemi baridi ndiyo inayoleta ulevi. Tunasema nyumba yenye baridi, giza na moshi haimwiti mtu arudi.

Neno letu la leo ni moja, na tunaomba mlibebe mpaka kijijini. Joto la nyumba si jiko peke yake. Joto liko katika ukuta, katika blanketi, katika chakula, na katika watu kuketi pamoja. Mkiyatengeneza hayo manne mapema, hakuna atakayehitaji kulala na makaa.

MAKAA YANAVYOUA

Tuanze na hatari, ili tusiisahau tukifika kwenye mazuri.

Kuni mbichi zikiwaka, moshi unajaa, macho yanawasha, mtu anakohoa na kufungua mlango. Moshi ni mbaya, lakini angalau unapiga kelele. Makaa yaliyokolea ni mekundu, yanapendeza, hayana moshi. Mtu anasema, "Sasa haya ni safi, hebu tuyaingize ndani." Kumbe hatari iko hapo. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni, ile hewa inayotupa uhai, tena inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi kinachotakiwa. Mtu aliye macho anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hasikii chochote. Anaendelea kulala tu.

Tukizunguka vijijini tunaulizwa maswali haya kila mara:

"Nikiweka sufuria ya maji juu ya jiko, si sumu inaingia kwenye maji?" Hapana. Maji hayazuii sumu hiyo hata kidogo.

"Na nikiacha dirisha wazi kidogo?" Ni afadhali kuliko kufunga kabisa, lakini si kinga ya kulalia. Upepo hubadilika usiku, na aliyelala hawezi kulinda.

"Na makaa yakishafunikwa na majivu?" Majivu yako juu, moto uko chini. Bado yanatoa sumu.

Kwa hivyo sheria iwe moja, na kila mtoto aijue: jiko la makaa halilali na watu. Liwashwe nje. Upishi ufanywe jikoni penye hewa, mlango na dirisha vikiwa wazi. Watu wakienda kulala, jiko libaki nje, mahali ambapo upepo hauwezi kurusha cheche na mtoto hawezi kulifikia.

Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni mlango na madirisha, mtoeni upesi kwenye hewa safi, na msikae mle ndani mkitafuta viatu vyake. Mpelekeni hospitali hata kama ameamka na anasema amepona. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaamka wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje kinapungua, msikimbilie kusema ni malaria. Liangalieni jiko kwanza. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga huumia zaidi ya wengine.

Na moshi wa kuni msiudharau kwa vile tumeuzoea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu kama milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huwafungulia watoto mlango wa nimonia. Mtoto akipumua haraka haraka, na mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kumpasha joto kwanza. Mfunike vizuri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

UKUTA NA PAA

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: usipoziba ufa utanunua makaa mengi.

Nyumba zetu nyingi za kijijini ni za udongo na mabati. Je, mnajua upepo unaingilia wapi? Jioni yenye upepo, pitisha kiganja kilicholoweshwa kando ya ukuta, karibu na dirisha, na chini ya mlango. Mahali utakaposikia ubaridi umezidi, hapo pana ufa. Chora alama kwa mkaa, uendelee.

Kukandika kina mama hamhitaji kufundishwa na sisi: udongo mzuri uliotolewa mawe, mavi ya ng'ombe, majivu kidogo na maji. Tunalotaka kusema ni juu ya wakati. Ukikandika Julai, ukuta haukauki, unabaki na unyevu, na nyumba inazidi kuwa baridi. Kazi hii ni ya Januari na Februari, jua likiwa kali. Tena isiwe ya mama mmoja peke yake na karai lake. Kikundi kikijipanga, wengine wachote maji, wengine wakanyage udongo, wengine wapake, nyumba moja inaisha siku moja. Wiki ijayo mnaenda kwa mwingine. Kama mnavyozungusha pesa, zungusheni na mikono.

Chini ya mlango wekeni gunia lililokunjwa kama mto mrefu. Dirisha lisilo na kioo lipate ubao unaofungika vizuri, na pazia zito ndani yake.

Bati nalo mnalijua. Usiku linakuwa baridi, pumzi za watu zinageuka maji, na maji yanadondoka kitandani. Dawa yake ni dari. Asiyeweza kununua mbao anaweza kushona magunia safi pamoja na kuyavuta kwa kamba juu ya chumba cha kulala. Lakini sikieni vizuri: dari ya gunia haifai jikoni, wala juu ya koroboi au mshumaa. Cheche moja tu inatosha kuwafukuza nje usiku.

Na jambo lingine. Msizibe nyumba kama chungu. Tunaziba upepo unaompiga mtu mgongoni akiwa amelala. Hewa ya nyumba hatuizibi. Yale matundu ya juu, kati ya ukuta na paa, yabaki. Nyumba nayo inapumua.

Baridi nyingine inapanda kutoka ardhini. Mkivuna mahindi, msichome maganda yote. Maganda makavu yakijazwa katika gunia safi ni godoro la chini zuri sana, na juu yake unaweka mkeka au godoro lako. Yaanikwe juani kila yanaposhika unyevu, na yabadilishwe kila mavuno.

BLANKETI NA SWETA

Eldoret ni mji wenye historia ya nguo na nyuzi. Wengi mnaikumbuka Rivatex, iliyoanza miaka ya 1970, ikaanguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na kufunguliwa upya mwaka wa 2019. Nyuzi za kufuma za Ken-Knit zimepita mikononi mwa kina mama wengi wa hapa. Kwa hivyo kufuma si jambo geni kwetu. Tena mnajua, nguo mbili nyepesi zilizovaliwa pamoja zinashinda moja nzito, kwa sababu hewa inayokaa katikati ndiyo inayoshika joto. Fulana ya ndani na sweta juu yake, soksi na kofia kwa mtoto, hiyo ni kinga ya bei nafuu.

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na fundi mmoja wa kufuma anayewafundisha wenzake, na kila mmoja afume angalau sweta moja kabla ya Juni. Sweta kuukuu lililotoboka msilitupe. Lifumuliwe, uzi uoshwe, ukunjwe, ufumwe tena soksi.

Blanketi ndilo jambo kubwa zaidi. Hebu tufanye hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa wiki, kinapata shilingi 2,000 kila wiki. Mkianza wiki ya kwanza ya Januari, mpaka mwisho wa Mei mmekusanya kwa wiki 20 na zaidi, yaani shilingi 40,000 na kitu. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa kila mwanachama. Tumeni watu wawili waaminifu mjini waulize bei katika maduka matatu au manne, wanunue kwa pamoja. Anayenunua moja huambiwa bei, anayenunua 20 husikilizwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuna mtu ambaye hayumo katika mzunguko. Kuna mjane mzee anayekaa peke yake pale karibu na mto, hana shilingi 100 za kila wiki. Kuna mzee ambaye watoto walikwenda Nairobi na simu hawapigi. Tunaomba kila kikundi kinunue blanketi moja la ziada kwa ajili ya mtu kama huyo. Na atakayelipeleka asiliache mlangoni. Aingie, aketi, aulize anapikia nini na analala karibu na moto gani, kwa maana wazee wanaosikia baridi ndio mara nyingi huvuta jiko kando ya kitanda.

Hapa tuseme jambo moja kwa upole. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya watu wa eneo letu walilala katika mahema pale uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Wengine wenu mlilala huko. Wengine mlipeleka blanketi huko. Hatulitaji hili ili kukwaruza kidonda. Tunalitaja kwa sababu watu walioona usiku ule wanajua nyumba ni nini. Leo vikundi vingi vina watu wa makabila mbalimbali, wanakandika ukuta wa mwenzao kwa mikono ile ile. Hilo nalo ni joto, na lisichukuliwe kuwa jambo dogo.

CHAKULA CHA MOTO, KUNI KIDOGO

Mtu aliyeshiba chakula cha moto hasikii baridi kama mwenye njaa. Lakini hapa kwetu kuna shida ambayo watu wa Mombasa hawana. Kwa sababu tuko juu, maji yetu yanachemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha: kule pwani huchemka kwa nyuzi 100, hapa ni karibu nyuzi 93 tu. Ndiyo maana maharagwe na githeri hukaa motoni muda mrefu namna ile, na kuni zinaisha. Kosa si la mpishi, ni la mahali tulipo.

Dawa ya kwanza ni kuloweka. Maharagwe yalowe usiku kucha, maji yale yamwagwe asubuhi, yawekwe mengine.

Dawa ya pili ni kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa chenye kifuniko. Tandika ndani nguo kuukuu nzito, vipande vya blanketi, au majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kitambaa safi, pande zote na chini, mpaka ibaki nafasi inayotosha sufuria peke yake. Shona mto mnene wa kufunika juu. Sasa chemsha maharagwe uliyoyaloweka, yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Itoe motoni ikiwa bado inatokota, iweke kikapuni, funika kwa mto, funga. Usifungue kuchungulia! Kila ukichungulia, joto linatoka. Baada ya saa nne au tano utakuta yameiva au yamekaribia. Yarudishe motoni yachemke tena vizuri kabla ya kula. Maharagwe, hasa yale mekundu, yasipochemshwa kwa nguvu huumiza tumbo, kwa hivyo usiyaweke kikapuni yakiwa yamepashwa moto tu. Wali na supu navyo vinaweza kupikwa hivyo.

Na uji wa wimbi uliopikwa jioni hukaa moto ndani ya kikapu mpaka watoto warudi kutoka kuchunga.

Dawa ya tatu ni jiko lenyewe. Mafiga matatu yanapoteza moto pande zote. Jiko la kuni lenye udongo uliochomwa, lile lililoenezwa miaka ya 1980 na Maendeleo ya Wanawake mpaka likaitwa jiko la Maendeleo, linakumbatia sufuria na kula kuni kidogo. Kwa anayetumia makaa, jiko lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka hiyo hiyo ya 1980, linaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja, pengine hata nusu, kuliko lile la bati tupu. Lakini kumbukeni: jiko linalokula makaa kidogo bado linatoa sumu ile ile. Nalo halilali na watu.

Na kina baba, hapa tunawageukia ninyi. Kuni za Julai hukatwa Januari. Zipasuliwe, zipangwe chini ya kibanda chenye paa, zikauke miezi mitano au sita. Kuni kavu zinawaka na moshi kidogo. Kuni mbichi zinalia na kutoa machozi. Mzee akimtayarishia mama kuni kavu za miezi mitatu ya baridi, amefanya zaidi ya kununua kitenge.

JIONI YA NYUMBANI

Sasa tufike kwenye lile ambalo halinunuliwi.

Nyumba imezibwa, chakula ki moto, blanketi lipo. Basi watu waketi wapi, na wafanye nini? Tunawaomba mchague saa moja kila jioni wakati wa baridi, baada ya chakula, ambapo wote wako pamoja. Saa moja tu. Redio ipunguzwe, simu ziwekwe kando, hata ya baba.

Taa iwe nzuri. Koroboi inatoa moshi na inaweza kuanguka ikachoma nyumba. Taa ndogo ya sola inafaa zaidi, na kikundi kinaweza kuzinunua kwa mzunguko kama blanketi. Wengine hulalamika kwamba Julai hazijai chaji. Mara nyingi ni kwa sababu zinatolewa nje saa sita, na alasiri mvua ndiyo hiyo. Itoe asubuhi mapema, iangalie jua la asubuhi, mpe mtoto mmoja kazi hiyo iwe yake.

Wakati wa likizo ya Agosti mna walimu nyumbani, nao ni babu na nyanya. Waulizeni jinsi Eldoret ilivyopata lile jina la Sikisti-foo, kutokana na shamba namba 64. Waulizeni wanavyotayarisha kibuyu cha mursik, namna ya kukipaka mkaa wa senetwet ndani na kwa nini. Watoto wanaona wakimbiaji wetu wakipokewa kwa mursik uwanja wa ndege, lakini wangapi wamewahi kusafisha kibuyu kwa mikono yao? Tegeaneni vitendawili, na asiyejua atoe mji. Kila mtoto asimulie jambo moja aliloliona siku hiyo, na wakubwa wasikilize bila kumkata.

Kuna wengine hapa wanaosema moyoni, "Kwangu mzee hatakaa." Pengine siku ya kwanza hatakaa. Msimpigie kelele mlangoni. Mwekeeni kiti mahali pasipo na upepo, na uji wake uwe kikapuni. Watoto wakimwambia, "Baba, jana hadithi ilibaki nusu," tumeona kina baba wengine wakianza kurudi mapema. Si wote. Lakini wengine.

KALENDA YA KIKUNDI

Ili haya yasiishie kwenye daftari, tunapendekeza mpango huu:

Oktoba hadi Desemba: kuhifadhi maganda makavu ya mahindi wakati wa mavuno.

Januari na Februari: kukandika nyumba kwa zamu, kupasua na kupanga kuni, kuanza akiba ya blanketi.

Machi na Aprili: kazi ya kupanda ni nyingi, kwa hivyo mikutano iwe mifupi, lakini akiba isisimame.

Mei: kushona vikapu vya kupikia, kumaliza sweta, kununua blanketi.

Juni: watu wawili wa kikundi wapite kila nyumba ya wanachama wakiangalia mambo matatu tu: jiko linalala wapi, matundu ya hewa yako wazi, na taa imewekwa wapi.

Julai na Agosti: kuwatembelea wazee na wanaoishi peke yao, angalau mara moja kwa wiki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi ambazo watu hulala na jiko la makaa? Tutazungumza nao vipi bila kuwaaibisha?

2. Nani anaishi peke yake na hana blanketi la kutosha? Nani kati yetu atakwenda wiki hii?

3. Ukuta wa nani una ufa mkubwa kuliko wote? Tuanze na huyo Januari.

4. Kina baba waseme: ni kitu gani nyumbani kingewafanya watamani kurudi mapema? Kina mama wasikilize kwanza, halafu nao waulizwe swali hilo hilo.

Tumesema mengi, na wengine mna safari ndefu kabla mvua haijaanza. Mkisahau yote, basi msisahau moja. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja wenu aulize kwa sauti, watoto wasikie: "Jiko liko wapi?" Na jibu liwe, "Liko nje." Mkishajibiwa hivyo, fungeni mlango, mfunike watoto, mlale salama.